Kwa nini tumesimamisha mashine wakati moteri bado inawaka

Maneno ya kamati ya kinu mbele ya mkutano mkuu. Tunayaandika hapa kwa ajili ya memba ambao hawakufika na kwa wafadhili wetu walio mbali.



Tunajua swali lililowaleta wengi leo. Tangu siku nne mlango wa kinu umefungwa. Mihogo makavu inalala kwenye magunia, na mama wanabeba mzigo kichwani mpaka kwenye kinu cha mtu binafsi, wanalipa zaidi, wanangoja foleni mpaka jioni. Na kila mtu anajua kwamba moteri yetu haikufa. Siku ile tulipoifunga ilikuwa bado inawaka kwa manivela mara ya kwanza, mkanda unazunguka, unga unatoka. Basi watu wanauliza: kamati imefunga kitu kinachotembea, juu ya nini? Kuna waliosema tunangoja wafadhili walete mpya. Kuna waliosema mengine ambayo hatutayaandika.

Tumeifunga juu ya kelele moja, na juu ya hiki chuma mnachokiona hapa mbele, kwenye mkeka. Leo hatutaki mtuamini kwa maneno tu. Tutawaeleza hiki chuma ni nini, kinafanya kazi gani, kimepatwa na nini. Halafu ninyi wenyewe, wenye mali, mtaamua.

Tuanze na jina, maana hata sisi wa kamati siku za kwanza tulibishana. Ndugu zetu waliobaki hapa wakajifunza kazi kwenye magaraji ya kwetu wanasema vilebrekini. Wale waliojifunza Kigoma, walipokuwa kambini Lugufu na Nyarugusu, wanasema kranki. Mmoja anasema bieli, mwenzake anasema koneki. Mmoja anasema kusine, mwingine anasema metali. Chuma ni kimoja. Tutatumia majina ya hapa, na waliotoka ng'ambo ya ziwa watatuvumilia.

Ili kuelewa kazi ya vilebrekini, mama zetu washonaji ndio walimu wazuri kuliko mekanisiye. Angalia cherehani ya miguu. Mguu wako unafanya nini? Unapanda na kushuka, basi. Lakini gurudumu la pembeni linazunguka. Nani amebadilisha mwendo wa kupanda na kushuka ukawa mwendo wa kuzunguka? Ni kile kifimbo kinachotoka kwenye pedali, kimeshikwa na gurudumu mahali ambapo si katikati, pembeni kidogo. Siri yote iko hapo pembeni. Kama kifimbo kingeshikwa katikati kabisa, ungekanyaga mpaka kesho na gurudumu lisingezunguka.

Ndani ya moteri ni vilevile, ila mguu ni moto. Mazutu inaingia kwenye silinda, inakutana na hewa iliyobanwa mpaka ikawa kali, inalipuka, na mlipuko unaisukuma pistoni. Pistoni inajua njia moja tu, kwenda na kurudi. Bieli ndiyo kifimbo cha cherehani. Na vilebrekini ndiyo chuma chenye kiwiko, kinachopokea msukumo ule na kuugeuza kuwa mzunguko. Maarifa haya si ya jana. Al-Jazari, fundi wa Diyarbakır, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1206, alieleza mashine ya kupandisha maji ambayo ndani yake kuna kiwiko cha namna hii. Alichobadilisha mtu wa mazutu ni nguvu inayokisukuma.

Sasa angalieni chuma chenyewe. Huku na huku kuna shingo mbili zilizonyooka kwenye mstari mmoja. Hizo ndizo zinazolala kwenye mwili wa moteri, kila moja ndani ya kusine ya mviringo mzima. Katikati, nje ya mstari, kuna shingo ya tatu. Hiyo inaitwa manetoni, na hapo ndipo bieli inaposhika. Manetoni imeunganishwa na shingo za pembeni kwa vipande hivi viwili vipana, tuviite mashavu. Na mnaona mashavu yana uzito umeongezwa upande usio na manetoni? Watu hufikiri ni chuma cha ziada tu. Sivyo. Bila uzito huo moteri ingeruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, na boliti za msingi zingekatika.

Moteri yetu ni ya aina ya S195, zile za silinda moja iliyolala, ambazo wengi mmeziona kwenye vinu na kwenye maboti. Ile 95 ni upana wa silinda kwa milimita. Pistoni inatembea milimita 115 kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine. Ukipima toka mstari wa katikati wa shingo kubwa mpaka katikati ya manetoni utakuta nusu yake, milimita 57.5. Hiyo haibadiliki: urefu wa kiwiko ukizidishwa mara mbili ni safari ya pistoni. Kwa hiyo mtu akikuletea vilebrekini ya moteri nyingine na kusema inafanana, usikubali kwa macho. Pima kiwiko.

Jambo jingine ambalo cherehani inatufundisha. Mama anayeanza kushona, pedali ikiwa imefika juu kabisa au chini kabisa, mguu haufai kitu. Lazima aguse gurudumu kwa mkono, lisogee kidogo, ndipo mguu upate nguvu. Pistoni nayo ina mahali hapo pawili ambapo bieli na kiwiko vimenyooka, na hata usukume namna gani havizunguki. Na moteri hii ina shida zaidi, kwa sababu inafanya kazi kwa hatua nne: inavuta hewa, inaibana, inalipuka, inatoa moshi. Vilebrekini inazunguka mara mbili kukamilisha hatua hizo, na katika hizo nne ni moja tu inayoleta nguvu. Tatu zinakula nguvu. Nani anaisukuma pistoni wakati huo? Ni volani, ile gurudumu kubwa ya nje iliyohitaji vijana kadhaa kuitoa. Inapokea nguvu ya mlipuko, inaiweka, inairudisha pole pole. Ni kesi yetu ya kusaidiana, kwa kweli: siku ya mapato inapokea, siku ya matanga inatoa.

Upande mwingine wa vilebrekini kuna jino dogo linalosukuma gurudumu la kamu lenye meno mara mbili, ili valvu zifunguke mara moja kila mizunguko miwili. Hapo kuna alama ndogo zilizopigwa kwenye meno. Atakayerudisha bila kuoanisha alama hizo atafungua valvu wakati pistoni inakuja. Hatutakaa sana hapo, maana si huko kulikougua.

Ugonjwa uko kwenye manetoni.

Hebu tufikiri pamoja nguvu inayokuja hapo. Silinda ya milimita 95 ina uso wa sentimita mraba karibu 71. Mlipuko unapokuwa kwenye kilele unasukuma uso huo kwa uzito wa zaidi ya tani 4. Ni kama mifuko 80 ya simenti imeangushwa kwa pamoja juu ya pistoni, na pistoni inaupeleka mzigo wote kwenye manetoni, kipande ambacho mtu anaweza kukizungushia vidole vya mikono miwili. Moteri ikienda mizunguko 2000 kwa dakika, hilo linatokea mara 1000 kila dakika. Tukisaga saa sita kwa siku, ni mara 360,000. Na chuma juu ya chuma, kwa kasi ile na uzito ule, kingeyeyuka na kushikana kabla hujamaliza debe moja la unga.

Kwa nini hakiyeyuki? Hapa ndipo tunaomba masikio. Kwa sababu moteri ikiwa nzima, manetoni haigusani na kusine. Inaelea. Kati yake kuna nafasi ndogo, kama unene wa unywele wa kichwa, na nafasi hiyo imejazwa wili. Pompu inapeleka wili kwenye shingo kubwa, na kutoka pale inapita kwenye tundu lililotobolewa ndani ya vilebrekini yenyewe mpaka manetoni. Chuma kikizunguka, kinaikokota wili na kuisukuma mahali penye kubanwa, kama vile maji yanavyoinua mtumbwi unaovutwa kwa kasi. Tani 4 zinabebwa na ngozi ya wili nyembamba kuliko karatasi. Kusine ni bati laini lililowekwa makusudi ili kama mchanga ukiingia, liumie lenyewe na si vilebrekini. Linanunuliwa, linabadilishwa. Vilebrekini si hivyo.

Sasa ile nafasi ikiongezeka, wili inakimbia pembeni, haikai. Ngozi inapasuka. Manetoni inaanza kupiga kusine kila mlipuko. Hiyo ndiyo kelele tuliyoisikia: nzito, ya chini, ko, ko, ko, inayozidi kinu kikibeba mzigo na kupungua kikiwa kitupu. Si ile ya injekteri ambayo ni kali na ya juu. Vijana wetu wawili waliisikia kwanza, na tunawashukuru kwamba walisema mapema badala ya kuongeza sauti ya redio.

Tulifungua kifuniko cha nyuma, tukashika kichwa kikubwa cha bieli kwa mkono. Kinatakiwa kusogea kidogo kwenda pembeni, lakini upande wa kusukuma na kuvuta hakitakiwi kucheza hata kidogo. Kilicheza. Tulimwaga wili kwenye kitambaa cheupe, tukaiona inametameta kama vumbi la dhahabu. Tulipotoa kusine, nusu mbili, ngozi ya juu ya kijivu ilikuwa imekwisha na rangi ya shaba inaonekana. Mnaziona hapo kwenye sahani. Halafu tukapima manetoni kwa palmeri ya kuazima. Tulipima mara mbili, upande mmoja na upande unaoupita msalaba, kwa sababu mlipuko siku zote unapiga manetoni upande uleule, na kwa hiyo hailiki kwa mviringo, inalika kama yai. Upande mmoja na mwingine vimetofautiana zaidi ya sehemu kumi za mia za milimita. Ukitazama kwa macho huoni kitu. Ukipitisha ukucha unaona mistari.

Ndiyo maana hatukukubali rai ya kuweka kusine mpya juu ya shingo ya umbo la yai na kuendelea. Kusine ni duara. Ukiiweka kwenye yai, itabana huku na kulegea huku, na baada ya majuma machache kelele itarudi, na pesa ya kusine imepotea. Rai ya pili, ya kuendelea hivi hivi mpaka msimu wa mihogo uishe, ina uzito wake. Tunajua kesi inahitaji mapato, na kuna wagonjwa wanaosubiri msaada. Lakini moteri inayopiga hivi haikuahidi tarehe. Kusine ikizunguka ndani ya bieli inaziba tundu la wili, hapo shingo inashikana na kuungua. Au boliti za bieli zinachoka na kukatika, na bieli iliyo huru ndani ya moteri inayozunguka inatoboa ukuta wa mwili. Tukifika hapo hakuna cha kutengeneza, ni kuuza chuma kwa kilo. Na watu wanakaa karibu na moteri ile, watoto wanasimama mlangoni.

Kinachowezekana leo, na pengine hakitawezekana baada ya mwezi mmoja, ni kuisaga. Wenzetu wanaosema Kifaransa wanaita rektifikasyo. Jiwe maalum linazungusha na kula manetoni kidogo sana mpaka irudi kuwa duara safi, halafu unanunua kusine nene zaidi kwa kiasi kilekile kilichoondolewa. Kusine hizo zinauzwa kwa ngazi: 0.25, 0.50, 0.75, na kuendelea. Manetoni yetu bado iko ndani ya ngazi ya kwanza. Tukiisaga sasa kwa 0.25, tumebakiza nafasi ya kuisaga tena miaka ijayo. Tukichelewa, tutaruka ngazi mbili au tatu kwa mara moja.

Mashine ya kazi hiyo haipo hapa kwetu, lazima chuma kisafiri. Na hapa tuna neno la uchungu kidogo. Memba wa zamani wanakumbuka moteri yetu ya kwanza. Nayo ilisagwa, kwenye karakana moja ya mjini ambayo hatuitaji, na ilirudi inang'aa. Haikumaliza miezi mitatu, vilebrekini ikakatika vipande viwili. Tazameni hapa, mahali manetoni inapokutana na shavu. Mnaona hakuna kona kali? Kuna mzunguko mdogo, kama ukingo wa ndani wa bakuli. Nguvu yote inapita hapo kwenda kwenye shavu. Fundi akitumia jiwe lenye kona ya mraba na kuacha pembe kali, ufa unaanzia pale pale, unaingia ndani pole pole kila mlipuko, na siku moja chuma kizima kinakatika bila kuaga. Vipande vya ile ya kwanza tumevileta, vimewekwa pembeni ya mkeka. Wekeni kidole kwenye kona ya ile, halafu kwenye kona ya hii.

Kwa sababu hiyo hatutatuma vilebrekini peke yake ndani ya gunia. Watu wawili wa kamati watakwenda nayo na kukaa pale jiwe linapofanya kazi. Wataangalia kona. Wataangalia matundu ya wili yaoshwe na kupulizwa, maana unga wa jiwe ukibaki ndani ya tundu unakwenda moja kwa moja kwenye kusine mpya siku ya kwanza. Kabla ya safari tumeipima nyufa kwa njia ya wazee wa garaji: tuliipaka mazutu, tukaifuta ikakauka, tukapaka chaki, tukangoja. Penye ufa, mazutu iliyojificha ingetoka na kuchora mstari kwenye chaki. Hapakuwa na mstari. Tukaining'iniza kwa kamba na kuigonga kwa nyundo ndogo, ikalia kama kengele. Yenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Chuma chetu ni kizima, kimelika tu.

Kimelika kwa nini? Tumeona mambo mawili. La kwanza ni vumbi. Kinu kinatoa unga na mihogo inakuja na mchanga, na moteri inavuta hewa hiyo hiyo. La pili ni wili. Bidoni za mwisho zilinunuliwa sokoni kwa bei nzuri, zimeandikwa SAE 40, lakini muhuri wa kifuniko ulikuwa umeshafunguliwa kabla. Ilipokuwa baridi ilionekana kama wili. Ilipopata moto ikawa nyepesi kama maji, na kile kijiti chekundu cha juu ya moteri, kinachopanda pompu ikisukuma vizuri, kilikuwa kinasimama nusu. Kuanzia sasa bidoni isiyo na muhuri haiingii kinuni, hata ikitolewa bure. Wili itabadilishwa kila saa 100 za kazi, na saa zitaandikwa na karani wa foleni kwenye daftari lake, si kukadiriwa. Kijiti kisipopanda, moteri inazimwa, hata kama anayesagiwa ni mke wa mwenyekiti.

Kwa ndugu zetu wafadhili tunasema wazi. Mmeuliza kwa barua kama tunahitaji moteri mpya. Hapana. Moteri mpya inapendeza kwenye picha, imepakwa rangi, ina bango. Lakini hatujawahi kuona bango la wili. Tunachoomba safari hii ni vitu vidogo: palmeri yetu wenyewe tusiazime tena, kle ya kupimia nguvu ya boliti za bieli, chujio za hewa, na akiba ya wili ya mwaka mmoja. Gharama ya kusaga na ya kusine memba wanaweza kuibeba, kama mkutano huu utakubali tutoe sehemu kwenye kesi na kila kaya iongeze kotizasyo ya mwezi mmoja. Hatutaki kuigusa ile sehemu ya wagonjwa na matanga. Tumefanya hesabu bila hiyo na inawezekana, kwa shida.

Tukikubaliana leo, vilebrekini inaondoka na boti la kwanza la wiki hii. Kwa siku hizo mama wataendelea kwenda mbali, tunajua, na tumezungumza na mwenye kinu kule. Amekubali kuwapokea wenye kadi ya chama kwa bei tuliyokuwa tunatoza sisi, asubuhi tu, kabla ya saa nne.

Sasa ni zamu yenu kuuliza. Na wanaotaka kushika, karibuni kwenye mkeka, wazee kwanza. Tunaomba tu mpanguse mikono kwa kitambaa kile kilichopo, na msiwaache watoto waiviringishe kwenye mchanga. Mwisho ikirudishwa kwenye wili yake, ile ndoo ya bluu, na kitambaa kifunike juu.